Kura ya Turufu Apewe Mwenye Kifaa Dhaifu

Ndugu waongoza michezo, ndugu wachezaji, na ninyi mliofuatana na rafiki kuja kusikiliza habari za michezo ya kuigiza wahusika, ile ya hadithi na dadu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa niseme ni programu ipi iliyo bora kwa kucheza michezo yetu mtandaoni. Programu nitazitaja kwa majina, na nitasema wazi ipi naiona inafaa wapi. Lakini nitaanza na watu, kwa sababu ninachokiona kila mara ni hiki: mwongoza mchezo, yaani msimulizi wa kundi, anakesha akitazama video za ramani zinazong'aa, mvua inanyesha juu ya mapaa, mienge inacheza ukutani. Ananunua, anapanga kila kitu, anawaita wenzake watano, na mmoja kati ya hao watano anaona kioo cheusi. Anasema, "Endeleeni tu, mimi nasikiliza." Wiki ya pili anachelewa. Wiki ya tatu hayupo, na kundi linasema amepoteza hamu.

Hamu anayo. Kompyuta yake ndiyo iliyoshindwa, naye akaona haya kuwachelewesha wenzake kwa ajili yake. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kundi linapochagua meza ya mtandaoni, yaani programu ya kuchezea pamoja kila mtu akiwa kwake, mwenye kifaa dhaifu kuliko wote apewe kura ya turufu. Akisema haifunguki, programu hiyo imetoka, hata kama wengine wote wameipenda.

Tuanze na mahitaji yenyewe. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, kilichotakiwa kilikuwa karatasi, penseli, dadu na mtu wa kusimulia. Mpaka leo mambo ya lazima ni machache: watu wasikilizane, dadu ziaminiwe na wote, na karatasi ya mhusika, yenye uwezo wake na vitu vyake, iwe mahali ambapo mwenyewe na mwongoza mchezo wote wanaiona. Kundi linalocheza hadithi za upelelezi au fitina za ikulu, ambako vita huzuka mara moja moja, linaweza kukaa Discord, programu ya kuzungumza kwa sauti na maandishi, miaka nenda miaka rudi, na programu ndogo ya kurusha dadu na hati moja ya pamoja, lisipungukiwe na chochote. Nalisema hili mapema kwa kuwa hakuna anayelitangaza. Mtu akiwauliza mnatumia programu gani, "hatuhitaji" ni jibu halali kabisa.

Meza ya mtandaoni huanza kuwa na maana pale nafasi ya mhusika inapokuwa na maana: nani kasimama mlangoni, nani kajificha nyuma ya nguzo, joka liko umbali wa miraba mingapi kutoka kwa mganga wenu. Kama hitaji ni hilo tu, Owlbear Rodeo inatosha. Unaweka ramani, unapanga kete za wahusika, unatuma kiungo, mchezaji anabofya na kuingia kupitia kivinjari. Haijui kanuni za mchezo wenu wala haijaribu kuzijua, mahesabu mtafanya wenyewe kama mnavyofanya mezani. Kundi linaloanza ningelipeleka huko bila kusita, na makundi mengi hayatakuwa na sababu ya kutoka.

Roll20 ilianza mwaka 2012 kwa michango ya watu kupitia Kickstarter, nayo pia inafunguka kwenye kivinjari. Nguvu yake ni wingi wa karatasi za wahusika: hata mchezo mdogo unaojulikana na watu wachache, mara nyingi utaukuta umeshatengenezewa karatasi yake. Ngazi ya bure inaweza kubeba kampeni nzima, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi. Mtakakobanwa ni nafasi ya kuhifadhi picha, megabaiti 100, na kwa miaka mingi ule mwanga unaofuata macho ya kila mhusika umekuwa wa wanaolipia usajili.

Fantasy Grounds ndiyo kongwe kati ya hizi, ipo tangu 2004. Husakinishwa kwenye kompyuta ya kila mchezaji, na sifa yake ni kuendesha kanuni: unaburuta shambulio hadi kwa adui, programu inalinganisha na kinga yake, inapunguza uhai wake, inaandika kama kalewa sumu au kapofuka. Anayechoka kukumbuka kanuni atapumua. Ila mwenye simu tu, au mwenye kompyuta ya ofisini isiyoruhusiwa kusakinisha kitu, ameshabaki nje. MapTool nayo husakinishwa na kila mtu, ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote, lakini inataka mtu mmoja kundini anayefurahia kuandika amri. Tabletop Simulator, ya mwaka 2015, ina uzuri wa kushika vitu kama vile uko mezani kweli, nayo humtaka kila mchezaji awe na nakala yake na kompyuta inayomudu michoro ya pande tatu. Kwa kipimo changu, hiyo huanguka mapema.

Inabaki Foundry Virtual Tabletop, iliyotolewa Mei 2020. Anayenunua ni mwongoza mchezo peke yake, mara moja, kwa dola 50, na wachezaji wake wanaingia bure kwa kivinjari. Nyongeza zake ni nyingi, na mfumo wa mchezo wa Pathfinder toleo la pili uliomo, uliojengwa na watu wa kujitolea, ni kazi ninayoiheshimu sana. Mimi naipenda kuliko zote. Na hiyo hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi nikisikia kundi jipya limeichagua, kwa sababu inawakabidhi kazi mbili ambazo huduma nyingine zinawabebea kwa kiasi kikubwa: kutunza seva, yaani kompyuta inayowahudumia wachezaji wote, na kuchunga uzito wa picha.

Kwanza seva. Foundry ikiwashwa kwenye kompyuta yako, kompyuta hiyo ndiyo seva. Wenzako wanabisha hodi kwenye ruta yako, kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, kwa kawaida kwenye mlango namba 30000, na ruta lazima iambiwe kwamba anayebisha hapo apelekwe kwenye kompyuta ile. Kuna watu wanafuata maelekezo yote, wanarudia na kurudia, na wachezaji hawaingii. Mara nyingi tatizo haliko kwao kabisa. Kampuni nyingi za intaneti hugawia wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo ruta yako haina mlango wake mwenyewe mtandaoni wa kufunguliwa. Linganisha anwani ya nje iliyoandikwa ndani ya ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia anwani. Zikitofautiana, acha kuhangaika na ruta. Kodi seva ndogo, au lipia huduma inayokuwekea Foundry kwenye seva zao, au muombe rafiki mwenye mtandao usio na kizuizi hicho. Na gharama hiyo muihesabu tangu mwanzo, maana anayesema Foundry ni dola 50 basi anasema kweli kwa wale tu wanaoweza kuihudumia nyumbani.

Sasa picha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kile kioo cheusi kinapotoka.

Chukua ramani ya megabaiti 20. Wachezaji ni watano, kwa hiyo kompyuta yako itapakia megabaiti 100 mara tu utakapofungua eneo hilo. Kasi ya kupakia nyumbani, tofauti na ile ya kupakua wanayoitangaza, tuseme ni megabiti 5 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 100 ni megabiti 800, na 800 kugawa kwa 5 ni sekunde 160. Karibu dakika tatu nzima watu wanatazama duara linazunguka, na sauti zenu zinakatika kwa kuwa zinapita njia ileile. Ramani hiyohiyo ikibadilishwa kuwa WebP, aina ya faili la picha lililobanwa, ikashuka hadi megabaiti 2, jambo ambalo kwa ramani za rangi huwezekana bila macho kuona tofauti kubwa, foleni yote inakuwa sekunde 16. Na kama programu inaruhusu kutanguliza kupakia eneo, kama Foundry inavyoruhusu, ifanyeni wakati watu wanasalimiana.

Lakini uzito wa faili ni nusu ya habari. Picha ikishafika kwenye kompyuta ya mchezaji inafunguliwa, na ikifunguliwa haijali tena kama ilikuwa WebP au kitu kingine. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inachukua baiti nne. Ramani ya pikseli 8,000 kwa 8,000 ni pikseli milioni 64, sawa na megabaiti 256 za kumbukumbu, kabla ya kete hata moja kuwekwa. Kompyuta ya zamani ambayo kumbukumbu ya kadi ya picha inaazimwa kwenye kumbukumbu ya kawaida inafika hapo na kusimama. Punguza kila upande kuwa 4,000 na megabaiti 256 zinakuwa 64. Kwa miraba 40 kwa 40 hiyo ni pikseli 100 kwa mraba, kiwango ambacho Foundry hukianza nacho, na Roll20 huanza na 70. Ramani nyingi zinazouzwa zina pikseli nyingi kuliko hizo kwa ajili ya kuchapishwa kwa ukubwa. Kwenye skrini hazimsaidii mtu.

Juu ya hayo kuna kuta na mwanga. Kila kete inaposogezwa, kompyuta ya mchezaji inakokotoa upya kipi kinaonekana na kipi kimezibwa na ukuta, na mienge inayocheza huchorwa upya bila kukoma hata watu wakiwa wamekaa kimya. Ndiyo maana feni za kompyuta fulani huanza kulia pale tu kundi linapoingia pangoni. Zima mienge inayocheza. Mwonyeshe mchezaji mipangilio ya kupunguza ubora kwenye upande wake, maana Foundry inayo kwa kila mtu peke yake na wengi hawajui kuwa ipo. Kama bado inalemea, tumia ukungu unaofunika ramani, uufunue kwa mkono, ukaacha kuta kabisa. Hadithi haitapungua.

Muda wa mwongoza mchezo nao uwekwe kwenye mizani. Kuchora kuta za jengo kubwa kwa mkono kunakula jioni nzima, jioni ambayo ingetumika kufikiria kwa nini mhalifu wenu ni mhalifu. Baadhi ya programu za kuchora ramani, Dungeondraft mojawapo, hutoa faili lenye kuta na taa ndani yake tayari, na meza nyingi zinaweza kulipokea, moja kwa moja au kwa nyongeza. Ukinunua ramani, angalia kama faili hilo limeambatana nazo.

Sauti nashauri zikae kwingine, mbali na meza. Ramani ikianguka na watu bado wanasikilizana, mwongoza mchezo anaeleza chumba kwa maneno na mchezo unaendelea. Vikianguka vyote pamoja, kikao kimekwisha. Tena kwa wanaojihudumia wenyewe, vivinjari haviruhusu kipaza sauti kwenye tovuti isiyo na muunganisho salama wa HTTPS, hivyo mtajiongezea kazi nyingine ya vyeti vya usalama bila sababu.

Niliposema kifaa dhaifu sikumaanisha kompyuta tu. Kuna mchezaji asiyetofautisha nyekundu na kijani, na kuna makundi yanayozungushia kete za maadui duara jekundu na za marafiki duara la kijani. Badilisheni rangi, au tumieni maumbo na majina chini ya kete. Kuna asiyeona kabisa. Ramani kwenye meza hizi za kivinjari huchorwa kama picha tupu, na programu ya kusoma skrini haikuti humo kitu cha kusoma. Lakini uwanja wa maandishi ni maandishi ya kawaida. Katika Roll20 na katika Foundry mchezaji anaweza kuandika /roll 1d20+5, yaani rusha dadu moja ya pande 20 na ujumlishe 5, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na matokeo yakatokea kama maandishi ambayo programu yake inaweza kuyasoma. Nimemsikia mchezaji wa namna hiyo akiendesha mpiga mishale kwa ustadi uliowafanya wenzake waanze kueleza umbali na mahali kwa sauti bila kukumbushwa, na usimulizi wa kundi zima ukawa mzuri zaidi. Kwa kundi kama hilo, swali la kuuliza kuhusu programu ni moja: kila kitu muhimu kinaweza kufanyika kwa kuandika?

Na kwa mwenye simu peke yake, Foundry haikutengenezwa kwa kioo kidogo cha simu, msidanganyane. Mpeni karatasi ya mhusika nje ya meza, hata kwenye hati ya kawaida, na mwongoza mchezo amsogezee kete. Au chagueni kitu chepesi zaidi. Ninyi wengine mtazoea.

Jambo jingine ninalowasihi mlitazame kabla ya kulipa ni hili: kazi yenu itakuwa mikononi mwa nani? Mnaweza kukaa na kampeni moja miaka mitano. Januari 2023 tuliona rasimu ya leseni mpya ya Dungeons & Dragons, na pamoja nayo sera ya meza za mtandaoni, ambamo kuhuisha mishale ya uchawi kwa michoro kulitolewa kama mfano wa kisichoruhusiwa. Wachezaji walipinga kwa nguvu, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni inayoumiliki mchezo huo, Wizards of the Coast, ikaacha mpango ule na kuziweka kanuni za msingi, toleo la 5.1, chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons, ambayo haiwezi kubatilishwa. Tulipona. Kisha Februari 2025 kampuni hiyohiyo ikatoa meza yake ya pande tatu iitwayo Sigil, na mwezi uliofuata sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga wakapunguzwa kazini. Waliokuwa wamepanga kampeni zao humo walijifunza kwa siku chache kwamba uzuri wa picha hautoi dhamana yoyote ya kesho.

Kwa hiyo ulizeni mapema: naweza kutoa vitu vyangu? Foundry huweka dunia yako kwenye folda ya kompyuta yako au ya seva yako, unainakili mahali pengine na imekwisha. Kwenye huduma za mtandaoni jibu hutofautiana, na kitabu ulichonunua ndani ya duka la programu moja kwa kawaida hakikufuati kwenye nyingine. Mimi nawashauri waongoza michezo waandike maelezo yao katika maandishi ya kawaida nje ya meza, kisha wabandike ndani kile kinachohitajika kwenye kikao. Na wenye Foundry, msisasishe programu siku ya mchezo. Toleo jipya likitoka, nyongeza nyingi hubaki nyuma kwa muda, na saa moja kabla ya watu kuingia mtakuta karatasi za wahusika zimegoma. Nakilini folda kwanza, sasisheni siku ambayo hamchezi.

Mtaniuliza kuhusu dadu, kwa sababu kila kundi lina mtu anayeamini programu inamwonea. Kwenye dadu ya pande 20, uwezekano wa kurusha mara 50 bila kuiona 20 hata mara moja ni karibu asilimia 8. Kundi la watu watano linalocheza mwaka mzima litalishuhudia hilo zaidi ya mara moja, kwa dadu za mkononi au za kompyuta. Msichague programu kwa sababu hiyo. Mchezaji akitaka kurusha dadu zake za mkononi na kutaja namba, mwachieni, kundi lisiloaminiana kwa namba halitaponywa na programu.

Sasa, kuchagua kwenyewe. Teueni programu mbili, zisizidi. Fanyeni kikao kifupi cha majaribio kwa kila moja, na ramani nzito kuliko zote mnazotarajia kutumia, si ile ndogo ya mfano inayokuja na programu. Mwenye kifaa dhaifu aingie wa kwanza, akiwa kwenye mtandao wake wa kawaida na kwenye simu ya sauti pamoja nanyi, kwa sababu hivyo ndivyo kifaa chake kitakavyokuwa kinafanya kazi siku ya mchezo. Asogeze kete kupita kona ya ukuta. Afungue karatasi ya mhusika wake, arushe shambulio kutoka humo. Azungumze wakati anafanya hayo. Mwongoza mchezo akae kimya amsikilize: sauti ikianza kukwama kama roboti, au akirudia "ngojeni kidogo," jibu mmeshalipata. Kisha mumuulize, na mumuulize faraghani, maana mbele ya watu atasema iko sawa.

Kwa mlio katikati ya kampeni na mnataka kuhama, ngojeni hadithi ifike mahali pa kupumua, kijiji kimeokolewa au safari ndefu inaanza. Hamisheni wahusika kwanza, kila mchezaji aandike wake upya kwa mkono wake, kwa sababu atagundua makosa ya zamani na atajifunza karatasi mpya ilivyopangwa. Ramani zilizokwisha kutumika ziacheni zilipo. Adui ambao hamjakutana nao waingizwe kikao kwa kikao, wasiingizwe wote kwa siku moja. Na akaunti ya zamani msiifute mpaka kila mchezaji aseme amekagua mhusika wake, vitu vyake vyote vimo, na ameshacheza naye kikao kizima kwenye meza mpya.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nipo kwa maswali.